Mia Saba Ishirini, Mia Saba Ishirini

Nyinyi mliokuja juzi kwenye karakana ya shanga mmeniuliza zaidi ya mara moja kwa nini Naserian alikaa kwenye kiti cha dirishani miaka yote ile, na mimi nikakaa karibu na mlango, mahali vumbi la malori ya saruji linapoingilia. Huwa nawajibu kwa kucheka tu. Sasa macho yangu yamestaafu pamoja na mimi, sina sindano ya kunishughulisha, na chai iko mezani. Nitawajibu vizuri. Lakini mjue mapema kwamba nitasimulia kwa wivu. Nilimwonea Naserian wivu nikiwa kazini, namwonea mpaka leo, na sitajifanya mtakatifu mbele ya watoto.

Mimi ni Kalekye, ingawa hapa Kitengela wengi mnaniita Mama Muthoka. Nilitoka Ukambani kumfuata mume wangu aliyekuwa kibarua wa kiwanda cha saruji. Naserian alitoka Oltepesi, kwenye barabara ya Magadi. Tuliandikwa kazi asubuhi moja na Mama Wanjiru, mwenye karakana, ambaye watu wake walitoka Mkoa wa Kati zamani wakanunua shamba hapa mji ukiwa bado nyasi. Alituangalia mikono, akatuambia tushone bangili moja moja, akazipima kwa kuzivuta. Yangu ilivutika kidogo. Ya Naserian haikuvutika hata unywele. Basi mambo yakaanzia hapo.

Kile kiti cha dirishani si kiti cha fahari, msifikiri. Ni cha mbao, mguu mmoja umefungwa kwa waya. Lakini mwanga wa asubuhi unakiangukia wote, na kazi yetu ni kazi ya mwanga. Anayekaa mlangoni anakunja uso tangu asubuhi, na jioni anasikia kama ametiwa mchanga machoni. Anayekaa dirishani anafanya kazi akiimba. Ndiyo maana Mama Wanjiru alikiacha kiti kile kwa mkuu wa meza, yule anayechora mitindo na kuwagawia wengine kazi. Mkuu wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa Kimaasai tuliyemwita Kokoo, yaani nyanya. Huyo ndiye aliyetufundisha sisi wawili.

Kokoo alinifundisha kuchagua shanga kwa ncha ya ulimi wakati macho yamechoka, maana ushanga wenye kasoro unakwaruza kabla hujauona. Alinifundisha kupitisha uzi kwenye nta ya nyuki, na kuuacha upumue usiku mmoja kabla ya kufunga fundo la mwisho, kwa sababu uzi wa nailoni ni mdanganyifu, leo umenyooka na kesho umejikunja. Nyinyi mnatumia uzi wa siku hizi wa dukani ambao haujui kujikunja, na ndiyo maana mafundo yenu ni ya kivivu. Niliwaona. Sikusema kitu siku ile kwa sababu kulikuwa na wageni.

Kitu kingine alichonifundisha nilikipata kwa aibu. Siku za mwanzo nilitumwa kupika chai, nikasimama mlangoni nikaanza kunyoosha kidole: mmoja, wawili, watatu. Kokoo akaweka chini kazi yake.

"Wee, unahesabu nini?"

"Watu, Kokoo. Nijue vikombe."

"Watu hawahesabiwi. Ng'ombe pia. Hesabu vikombe, ukikosa kimoja utarudi."

Naserian alicheka mpaka akashika ubavu. Alikuwa anajua, amezaliwa katika desturi hiyo. Mimi nilitoka kuhesabu vikombe huku masikio yanawaka moto. Lakini somo lilikaa. Watu na mifugo unawaacha walivyo, shanga unahesabu bila huruma.

Sasa huyo Naserian. Mngemwona ujanani mngeelewa. Alikuwa mrefu, meno meupe, na ana sauti ya kwaya ambayo hata mchungaji alikuwa akifupisha mahubiri ili aisikie mapema. Chapati zake zilikuwa na tabaka. Mume wake alimletea viatu bila kuombwa. Wangu alikuwa mtu mzuri, Mungu amrehemu, lakini viatu niliomba. Na katika hesabu, ambayo ndiyo ilikuwa fahari yangu peke yake tangu shuleni, nilidhani hapo angalau nitapumua. Kumbe yeye alikuwa amefundishwa hesabu na masista, na alikuwa akigawanya namba kichwani huku anaimba alto. Nilichukia hata ile alto.

Kokoo alipoacha kazi, kiti cha dirishani kikabaki wazi. Mama Wanjiru akasema hatachagua yeye. "Nyinyi wawili mko sawa sawa," alisema, na mimi nikajua hasemi kweli, anaogopa tu kelele. "Kazi itachagua."

Kazi ikaja. Loji moja kule upande wa Kimana, karibu na yale mashamba ya vitunguu, ilitaka pambo la ukutani. Meneja wake, kijana mpole wa kuvaa suti hata kwenye jua, alikuja mwenyewe kueleza. Alitaka nyuzi sita zinazoning'inia kutoka juu mpaka karibu na sakafu. Kila uzi uwe wa shanga nyeupe, na ushanga mwekundu mmoja baada ya hesabu fulani, kila uzi na hesabu yake. Sharti lilikuwa moja.

"Sitaki mahali zile nyekundu sita ziko kwa laini moja," alisema. "Jicho likipata hiyo laini, limemaliza. Nataka mgeni aangalie na asimalize."

Mama Wanjiru akatuambia kila mmoja atengeneze lake. Litakaloenda Kimana, mwenye nalo anakaa dirishani.

Hebu niwaeleze hapa polepole, kwa sababu hii ndiyo hesabu yenyewe, na mkiielewa mtashona mistari bila kulia. Chukua nyuzi mbili. Wa kwanza una nyekundu kwenye kila ushanga wa pili. Wa pili una nyekundu kwenye kila ushanga wa tatu. Ukiziweka pamoja, nyekundu zitakutana kwenye ushanga wa sita, kwa sababu sita ndiyo namba ya kwanza ambayo mbili inaigawa na tatu pia inaigawa. Sasa ukitaka zikutane mbali, unafanya nini? Mtu yeyote atasema: tumia namba kubwa. Mimi pia nilisema hivyo.

Nilichagua kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na nne, thelathini, thelathini na sita, na arobaini na nane. Namba nene, za kujaza mdomo. Nikazizidisha zote pamoja kwenye simu na ikatoka zaidi ya milioni mia mbili sitini na nane. Nikatangaza pale mezani kwamba nyekundu zangu zitakutana baada ya shanga milioni mia mbili sitini na nane, na mtu wa kuzihesabu hajazaliwa.

Naserian alichagua tano, saba, tisa, kumi na moja, kumi na tatu, na kumi na sita. Namba nyembamba. Nilimuuliza zake zitakutana wapi.

"Laki saba, elfu ishirini, mia saba na ishirini," akasema, bila hata kuangalia simu.

Nilicheka kwa sauti ili meza yote isikie. Laki saba mbele ya milioni mia mbili! Nikamwambia ajipe moyo, kazi ni nyingi, atapata nyingine. Yeye akanitazama tu kwa yale macho ya kunihurumia, na huruma yake ilinikera kuliko kama angenitukana.

Wakati ule tulikuwa tunashona kila uzi peke yake na kuuviringisha ndani ya kopo, hatuzitundiki pamoja mpaka siku ya mwisho. Kwa hiyo sikuona kitu. Asubuhi ambayo meneja alikuja tukatundika kazi zote mbili ukutani, ya Naserian kushoto, yangu kulia. Meneja akaanza kutembeza macho kwenye yangu kutoka juu. Akashuka, akashuka, akainama. Chini kabisa, usawa wa vifundo vya miguu, akasimama.

"Hizi hapa," akasema.

Nyekundu sita, mstari mmoja, zimenyooka kama wanafunzi kwenye gwaride. Sikuamini. Nikahesabu mwenyewe nikiwa nimepiga magoti. Ulikuwa ushanga wa mia saba na ishirini.

Baadaye, kwa sababu ilinibidi kuelewa au nipasuke, nilielewa. Kumi na mbili na kumi na nane ni ndugu. Wote wanagawanyika kwa sita. Thelathini naye ni wa nyumba hiyo hiyo, na arobaini na nane, wote wamekula sahani moja. Namba ndugu hazihitaji safari ndefu kukutana. Kugawa kwa mbili kunarudiwa kwa kila mmoja, kugawa kwa tatu kunarudiwa, na ukitoa yote yaliyorudiwa, ile milioni mia mbili inayeyuka na kubaki mia saba na ishirini. Lakini tano, saba, tisa, kumi na moja, kumi na tatu na kumi na sita ni namba zisizojuana. Chukua mbili zozote kati ya hizo, hakuna namba inayozigawa zote mbili isipokuwa moja. Hazina mjomba, hazina shangazi. Ili zikutane lazima zizidishwe zote, na hapo unapata 720720. Shanga hizo ukizinyoosha ni zaidi ya kilomita mbili, uvuke mji mzima wa Kitengela na bado kopo halijaisha.

Na hiyo namba ina uzuri wake, nitausema ingawa unaniuma. Gawa kwa moja, kwa mbili, kwa tatu, endelea hivyo mpaka kumi na sita. Zote zinaingia, hakuna inayobakiza kitu. Naserian alichagua namba sita tu, na nyingine zikaja zenyewe: kumi na mbili inaingia, kumi na nne inaingia, kumi na tano inaingia. Karakana nzima ilijaribu kwenye simu kwa wiki moja. Wakaiita namba ya Naserian. Wenye maduka jirani wakaja kuiona. Kuna mama alimpa mtoto wake aiandike shuleni, na mwalimu akatuma salamu. Salamu kwa nani? Kwa Naserian.

Nilikaa nayo mimi pia, lakini kwa nia yangu. Nikaigawa kwa kumi na saba. Ikabakiza tano! Wanangu, nilifurahi siku nzima. Niliimba nikiosha vyombo. Kesho yake nikaingia kazini nikamwambia mbele ya watu, "Naserian, namba yako imeshindwa na kumi na saba."

"Si tuongeze uzi wa kumi na saba basi," akasema. "Zitaenda milioni kumi na mbili na zaidi. Na kumi na nane itaingia bure. Umefikiria vizuri, Kalekye."

Umefikiria vizuri! Nilitamani kumrushia kopo.

Basi pambo lake likapelekwa Kimana. Meneja akaomba kibao cha kuweka pembeni, cha kuwaambia wageni nyekundu zitakutana kwenye ushanga wa ngapi, ili wacheke na washangae. Mama Wanjiru akampigia simu fundi wa mabango wa hapa mjini, kibao kikachorwa kikapelekwa. Naserian akaambiwa atahamia dirishani mwisho wa mwezi. Kabla mwezi haujaisha mama yake akaugua, akaenda Oltepesi, na huko kwao simu ilikuwa haishiki.

Wakati huo huo meneja akapiga. Sauti yake haikuwa ya upole. Mama Wanjiru akanichukua mimi twende, kwa sababu Naserian hakuwepo na hakuna mwingine aliyejua ile kazi. Tulifika loji mchana, meneja akatusimamisha mbele ya pambo.

"Mama, shida ni hii," akasema. "Hapa kumeandikwa zinakutana kwa ushanga wa mia saba ishirini. Mgeni mmoja amekaa chini akahesabu. Akapata tatu zimekutana na tatu zimekataa. Sasa ananiuliza kama hii kitu iko na makosa, na mimi sina jibu."

Nikatazama kibao. Kimeandikwa 720, kwa rangi nyekundu nzuri, na ua dogo pembeni. Nikainama, nikahesabu. Kweli kabisa. Kwenye ushanga wa mia saba na ishirini, uzi wa hesabu ya tano ulikuwa mwekundu, wa tisa mwekundu, wa kumi na sita mwekundu. Uzi wa saba ulikuwa mweupe. Wa kumi na moja mweupe. Wa kumi na tatu mweupe.

Mama Wanjiru alikunja mikono. Alikuwa mtu wa biashara, na mtu wa biashara akiaibishwa mbele ya mteja anatafuta njia fupi ya kutoka.

"Huyo Naserian ameniangusha," akasema. "Kalekye, ile yako ilikutana wapi?"

"Mia saba ishirini, Mama."

"Zote sita?"

"Zote sita."

"Basi si ndio hii imeandikwa hapa? Bwana meneja, tutaleta ile ingine. Itaingiana na kibao, na mgeni akihesabu atapata." Kisha akanigeukia, akashusha sauti. "Na ile kiti uhamie kesho. Naserian akirudi nitaongea na yeye."

Mniangalie vizuri hapa. Kila kitu nilichokuwa nakitaka kilikuwa kimewekwa mkononi mwangu. Kiti, mwanga, jina, ukuta wa Kimana. Sikuwa nimedanganya, sikuwa nimeiba. Nilihitaji tu kusema "sawa Mama" na kuingia kwenye gari. Naserian alikuwa mbali, hana mtandao, hana wa kumtetea. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimekaa na namba ile usiku na mchana nikitafuta mahali pa kuiumiza, na kwa sababu hiyo mimi peke yangu pale ndiye niliyejua mara moja kosa lilikuwa wapi.

Na mkidhani niliyofanya niliyafanya kwa wema, hamnijui. Nilikasirika. Nilisimama pale na hasira ikanipanda mpaka utosini. Miaka yote nimetaka kumshinda yule mwanamke, kwa mkono wangu na kichwa changu, mbele ya macho yake. Halafu nipewe ushindi na fundi wa mabango? Nikikaa kwenye kiti kile ningejua kila asubuhi kwamba namba yake bado ni nzuri na yangu bado ni mbaya. Hapana. Nilimwonea wivu kupita kiasi cha kukubali ushindi wa kuokota.

"Mama," nikasema, "ulimwambia nini yule fundi kwa simu?"

"Vile tu Naserian aliniambia. Mia saba ishirini, mia saba ishirini. Kama namba ya simu."

"Ulisema mara mbili?"

"Si ni mara mbili imeandikwa?"

"Mpigie tena. Weka sauti."

Fundi akashika simu, nyuma yake muziki. Mama Wanjiru akamuuliza kwa nini aliandika mia saba ishirini mara moja.

"Mathe, si ulirudia ndio niskie poa? Mi nikaskia. Ningeandika mara mbili ya nini?"

Meneja akaanza kutabasamu, lakini bado alikuwa hajaelewa zile nyuzi tatu. Nikamshika mkono nikamleta kwenye pambo. Nikamwambia: chukua namba yoyote ya tarakimu tatu, iandike, kisha iandike tena hapo hapo mbele yake. Umeizidisha kwa elfu moja na moja, hata kama hukujua. Na elfu moja na moja ni nini? Ni saba mara kumi na moja mara kumi na tatu. Kwa hiyo huyu fundi alipoacha kurudia, aliacha saba, akaacha kumi na moja, akaacha kumi na tatu. Angalia zile nyuzi tatu zilizokataa. Ni wa saba, wa kumi na moja, na wa kumi na tatu. Kazi haina kosa hata ushanga mmoja. Ni kurudia tu kulikopotea.

Meneja alitoa simu yake akajaribu na namba ya chumba, akaiandika mara mbili, akagawa kwa saba, ikaingia. Akajaribu na nyingine. Akacheka peke yake kama mtoto, akaenda kumtafuta yule mgeni. Mama Wanjiru akasema tu kwamba nina kichwa kigumu.

Fundi alipelekwa Kimana kwa gharama yake kuongeza 720 ya pili. Rangi haikufanana na ya kwanza, ni nyekundu ya damu zaidi, na mpaka leo mkienda mtaona namba mbili zilizochorwa na mkono mmoja siku mbili. Naserian aliporudi kutoka Oltepesi, mama yake akiwa amepona, alikuta kiti chake kinamngoja. Mama Wanjiru alimweleza yote. Akaja mlangoni kwangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema "Ashe oleng, Mama Muthoka," na chozi likamtoka upande mmoja tu, vizuri, bila kamasi. Hata kushukuru alinishinda.

Alikaa dirishani mpaka alipostaafu. Ile yangu hakuna aliyeitaka, nikaibeba nyumbani nikaitundika sebuleni, kwa sababu shanga ni shanga na zile zilikuwa nzuri.

Kwa hiyo nikiwaona mnachagua hesabu za mistari yenu, ulizeni kwanza kama namba ni ndugu. Ukitaka rangi zikutane haraka, weka ndugu. Ukitaka zikimbiane, tafuta zisizojuana, na usidanganywe na unene wa namba. Kumi na sita na tisa ni vijana wadogo lakini watakutembeza. Na mkisoma namba kubwa kwa simu, someni kwa laki na elfu, msisome vipande vipande. Yule fundi bado yupo mjini.

Sasa niwaambie la mwisho, halafu mrudi kazini kabla Mama Wanjiru hajaniita mharibifu. Majuzi Naserian alinitembelea. Macho yake bado mazima, nina hakika ni ule mwanga. Aliniletea nyanya kutoka shamba la mwanawe kule Kimana, nyanya kubwa, nzuri, bila shaka. "Takwenya," akasema mlangoni, nikaitikia "Iko," tukakaa.

Wajukuu wangu walikuwa wanacheza sebuleni mchezo wao wa kila siku. Kila mmoja anachukua uzi wake wa lile pambo, anaweka kidole juu, na wanashuka pamoja, ushanga kwa ushanga, wakitaja nyekundu kwa sauti. Wanashuka mpaka wanalala kwa tumbo. Chini kabisa vidole vyote vinafika kwenye ule mstari kwa pamoja, na wanapiga kelele za kupasua masikio, kila siku, kana kwamba hawakujua utakuwepo.

Naserian aliwatazama mpaka mwisho. Chai yake ilipoa. Walipopiga kelele alishtuka, akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Nilienda kuona ile yangu juzi," akasema. "Nilikaa hapo karibu siku nzima. Watu wanakuja, wanaangalia, wanasoma kibao, wanasema eh, wanaenda kula. Hakuna mtu amewahi kupata kitu kwa hiyo kazi, Kalekye. Hakuna kitu ya kupata. Nilihakikisha mwenyewe."

Watoto walikuwa wameshaanza tena juu.

"Nakuonea wivu," akasema Naserian, akiangalia vidole vyao vikishuka. Kisha, polepole: "Nakuonea wivu."

Alisema mara mbili. Na mimi si fundi wa mabango. Nilizihesabu zote mbili.